Kusema kwa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Katika miji yetu ya Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vilivyo kandokando ya ziwa, si jambo geni kukuta nyumbani kwa watu mtoto wa miaka 3 au 4 ambaye hajaweza kukaa wala kusimama, shingo yake haina nguvu, udenda wamtoka, na akijaribu kusema hutoa sauti ambayo mgeni haielewi. Aghalabu mtoto huyo hulazwa ndani juu ya mkeka, na mgeni akiuliza habari zake huambiwa, "Huyo mgonjwa, hajui kitu." Nataka kueleza katika kurasa hizi kwa nini jibu hilo mara nyingi si la kweli, na jinsi mtoto wa namna hiyo awezavyo kujifunza kusema, au kama hawezi kusema kwa mdomo, jinsi awezavyo kuonyesha nia yake kwa njia nyingine. Nawaandikia hasa wanafunzi, kwa kuwa wengi wenu ndio mnaoachiwa wadogo zenu mrudipo kutoka shule, wakati mama yuko sokoni au shambani na baba yuko ziwani. Wazazi nao watapata humu la kuwafaa.

Kwanza tutazame jina lenyewe, maana jina hili limeleta madhara. Hali hii kwa Kiswahili huitwa mtindio wa ubongo. Kwa waganga maana yake ni kwamba ubongo wa mtoto uliumia ulipokuwa bado mchanga, ama kabla ya kuzaliwa, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya kwanza ya maisha, na kwamba sehemu iliyoumia ni ile inayoamrisha misuli. Jeraha hilo haliendelei kukua, wala haliambukizi mtu mwingine. Lakini sokoni Mwanga ukisema "mtindio wa ubongo" watu wengi watadhani unamtaja mtu asiye na akili. Hata katika mambo ya shule, jina hilo kwa miaka mingi lilitumiwa kwa watoto wazito wa kuelewa. Basi mambo mawili yaliyo mbalimbali yamevikwa kanzu moja, na mtoto ambaye shida yake ni misuli huhukumiwa kuwa hana akili kabla hajapimwa na mtu yeyote.

Hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali za dunia zaonyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo wana upungufu fulani wa akili, na nusu nyingine hawana. Tena zaonyesha kwamba mtoto 1 katika kila 4 hasemi kabisa. Ni kweli kwamba mambo haya mawili huweza kukutana kwa mtoto mmoja, hasa ubongo ukiwa umeumia sana. Lakini mtu asidhani kwamba wale wasiosema ndio hao hao wasioelewa. Wako watoto wengi wanaoelewa kila linalosemwa nyumbani, pamoja na yale yasemwayo juu yao wenyewe wakiwa wamelala palepale.

Mtindio ni wa namna kadhaa. Namna ionekanayo zaidi ni ile ya ukakamavu: misuli huvutwa ikawa migumu, miguu ikapishana kama mkasi, mkono ukajikunja. Kwa wengine upande mmoja tu wa mwili ndio uliokaza. Iko namna nyingine ambayo mtoto huyumba na kutetemeka anyooshapo mkono. Na iko namna ya tatu, nayo ndiyo inayodanganya watu kuliko zote: mikono, shingo na uso hujipindapinda vyenyewe pasipo mtoto kutaka, na kadiri anavyojitahidi ndivyo vinavyozidi kujipinda. Ukimwuliza neno, mdomo hupanuka, ulimi hutoka nje, uso hukunjamana, na neno lisije. Mtu aonaye hayo husema mtoto amerukwa na akili. Kumbe watoto wa namna hii mara nyingi wana akili timamu. Sababu moja kubwa ya mtindio wa namna hii ni umanjano mkali wa siku za kwanza baada ya kuzaliwa, usiotibiwa mapema ukafika kwenye ubongo, na umanjano huo huo waweza kuharibu masikio pia. Kwa hiyo mtoto wa namna hii yapasa apimwe usikivu kabla ya jambo jingine lolote. Haifai kumfundisha maneno mwaka mzima mtoto asiyeyasikia.

Juu ya sababu kwa jumla nitasema machache. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa mashariki mwa Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge, ambako watoto wengi walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Walionekana watoto karibu 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1000. Kwa karibu robo ya wale waliochunguzwa, yaelekea ubongo uliumia baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, na malaria iliyopanda kichwani pamoja na degedege vilikuwa na sehemu kubwa. Hali yetu na ya Waganda hao haikosi kufanana, maana hapa nasi twaijua malaria. Mtoto akishikwa na degedege wako watu ambao hata leo hukumbuka kwanza yule mdudu arukaye usiku mwenye jina hilo hilo, hutafuta dawa ya kufukiza, na huogopa sindano kwamba itamwua mtoto. Saa zinazopotea hapo ndizo saa ambazo ubongo huumia. Nyingine hupotea majini: mama akishikwa na uchungu katika kijiji cha mwambao kisicho na barabara, na kusi imechafua ziwa, mtumbwi hauondoki. Mtoto akikawia kutoka akakosa hewa, ubongo wake waweza kuumia. William John Little, mganga wa London, aliliona jambo hili zamani, akalieleza mbele ya waganga wenzake mwaka 1861. Mwaka 1897 Sigmund Freud akapinga kidogo, akasema kuwa mara nyingine uzazi wenyewe huwa mgumu kwa sababu mtoto alikuwa na kasoro tangu tumboni. Leo twajua kwamba wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli. Hakuna kati yao aliyeona sababu ya kumlaumu mama, na sisi tusimlaumu.

Sasa tufike kwenye kusema kwenyewe. Sisi tunaosema bila shida hatujui ni kazi kubwa kiasi gani. Hebu fanyeni majaribio haya darasani, hayahitaji vyombo. Vuta pumzi mara moja, kisha hesabu moja, mbili, tatu, mpaka pumzi iishe. Wengi wenu mtapita 30. Pumzi iliingia upesi ikatoka polepole, na ninyi ndio mliozuia kutoka kwake kwa misuli ya kifua na tumbo. Tena weka vidole kooni useme "sss" halafu "zzz": katika sauti ya pili utasikia mtetemo, nao ni wa nyuzi za sauti. Kisha bana pua kwa vidole useme "mama." Utasikia kitu kama "baba." Hii ni kwa sababu katika "m" kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma ya kaakaa, hushuka ili hewa ipite puani, na katika "b" hupanda ikaifunga njia hiyo. Mwisho sema neno "katika" polepole, uangalie ulimi: kwanza nyuma, halafu ncha ikagusa nyuma ya meno ya juu, halafu nyuma tena. Yote hayo yalifanyika kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho mara mbili.

Basi kifua, koo, kaakaa, taya, ulimi na midomo vyote hungoja amri ya ubongo, na amri hizo yapasa zifike kwa zamu, kila moja kwa wakati wake. Kwa mtoto mwenye mtindio amri huchelewa, au hufika mbili pamoja, au hufika na nguvu kupita kiasi. Kifua kikikaza, pumzi humtosha neno moja tu au nusu yake, na sauti hufifia kabla neno halijaisha. Kaakaa ikiwa legevu, "baba" hutoka puani ikasikika kama "mama," na baba mtu akaona kwamba hatambuliwi. Ulimi ukiwa mzito, "t" na "k" hufanana. Udenda nao humtoka si kwa sababu ana mate mengi kuliko wengine, ila hawezi kuyameza upesi. Mtoto huyu analijua neno. Kichwani mwake limekamilika kama lilivyo kichwani mwako, lakini njiani linavunjika.

Kwa bahati njema lugha yetu yamsaidia mtoto anayeanza. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na majina ya watu wa nyumbani yameundwa kwa sauti nyepesi zinazorudiwa: mama, baba, dada, kaka, bibi, babu. Mtoto akiweza kufunga midomo na kuifungua huku akitoa sauti, tayari ana mama na baba. "Mjomba" na "shangazi" ni kazi ngumu zaidi, na mjomba asikasirike akiitwa "oba" kwa miaka kadhaa.

Yafaa tujue pia mwendo wa kawaida, ili tuweze kutambua mapema aliyechelewa. Mtoto wa miezi 2 au 3 hutoa sauti za furaha anaposemeshwa. Karibu na miezi 6 mpaka 9 huanza kurudia silabi, "ba-ba-ba, da-da-da," pasipo kumtaja mtu. Kufikia mwaka 1 au kupita kidogo husema neno la kwanza lenye maana. Mwenye miaka 2 huunga maneno mawili, na mara nyingi hukata vichwa vya vitenzi: husema "taka maji" kabla hajaweza kusema "nataka maji." Akiwa na miaka 3 hata mgeni humwelewa kwa sehemu kubwa. Watoto hupishana kwa miezi kadhaa, hilo si ajabu. Lakini mtoto wa mwaka mzima asiyetoa silabi hata moja, au asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, au anayepaliwa kila anyonyapo, apelekwe hospitali bila kungoja. Kusema "baba yake naye alichelewa kusema" kumepoteza muda wa watoto wengi.

Mpaka hapa nimesimulia jeraha la kwanza, lile la ubongo. Liko jeraha la pili ambalo kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, kwa sababu latokana na sisi. Mtoto mzima hujifunza lugha kwa kupokezana. Yeye hutoa sauti, mama hujibu, yeye hunyosha kidole kuelekea mbuzi, dada husema "mbuzi huyo, anakula majani." Kwa siku moja hutokea mamia ya mara kama hizo. Mtoto mwenye mtindio hawezi kunyosha kidole, sauti yake hutoka imechelewa, na tabasamu lake huenda likaonekana kama mkunjo wa uso. Mama humsemesha, hungoja kidogo, haoni jibu, naye ana kazi nyingi, basi huacha. Siku zinavyopita watu humlisha, humwogesha na humgeuza wakiwa kimya. Akifika miaka 5 hana maneno, na watu husema, "Mnaona? Hana akili." Kwa kweli hakupewa lugha ya kutosha kuweza kuionyesha. Mtoto yeyote aliyelazwa akitazama bati la nyumba miaka 5 asisemeshwe na mtu angefika hapo hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si mazoezi ya ulimi. Kazi ya kwanza ni kumkalisha mtoto mahali anapowaona watu nao wakamwona, kisha kumsemesha. Aliyelala chali shingo yake huvutwa nyuma, kifua hukaza, na sauti huwa shida. Akikaa wima, kichwa kikiwa katikati, nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemezwa na miguu imekanyaga kitu, pumzi hupata nafasi na macho huwa huru. Mtoto mdogo aweza kukaa ndani ya beseni kubwa la plastiki akiegemezwa kwa kanga zilizokunjwa. Mkubwa kidogo hufaa kiti chenye pembe nyuma na meza ndogo mbele. Katika Zimbabwe Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hiyo kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, vikikauka vikawa vigumu kama mbao, na ufundi huo umeenea mpaka katika nchi zetu. Sitaki kuwataja wanafunzi wanaochoma madaftari yao ya zamani kila mwisho wa mwaka.

Akishakaa, mtazame usoni, kichwa chako kikiwa sawa na chake, mwambie jambo fupi, kisha ngoja. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Ngoja huku ukihesabu moyoni mpaka 10, pengine na zaidi, kwa kuwa amri ya mtoto huyu husafiri polepole na mwili wake huhitaji muda wa kujipanga. Tukimwuliza tena kabla hajajibu, tumemvurugia jibu lililokuwa njiani. Jibu lenyewe huenda lisiwe neno. Laweza kuwa macho yaliyoinuliwa, mguu uliopigwa, au sauti "eee." Chochote anachoweza kukifanya kila mara bila taabu nyingi, hicho na kiwe "ndiyo" yake, na watu wote wa nyumbani wakijue. Kisha tafuta cha "hapana." Mtu mwenye "ndiyo" na "hapana" aweza kuulizwa karibu kila kitu. Baadaye mpe nafasi ya kuchagua: shika kikombe cha uji mkono huu na cha chai mkono ule, uliza anataka kipi, utazame macho yake yameelekea wapi. Akichagua mpe hicho hicho, hata kama unadhani kingine ni bora. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba macho yake yaleta uji atayatumia tena.

Nilipata kukaa barazani Ujiji na bibi mmoja ambaye mjukuu wake wa kike alikuwa katika hali hii. Watu wapitapo njiani bibi humwuliza, "Nani huyo, mke wangu? Ni Mama fulani au ni mwuza dagaa?" na mtoto hutazama juu kwa jina la pili. Bibi yule hakusoma kitabu chochote juu ya mambo haya. Mazungumzo hayo yalikuwa mazuri kuliko masomo mengi niliyoyaona yakifundishwa.

Juu ya kula yapasa niseme, maana midomo na ulimi ni vyombo vya kazi zote mbili, na hatari iko hapa. Wako wanaomlaza mtoto mapajani, wakarudisha kichwa nyuma, wakammiminia uji kinywani. Kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa huwa wazi, na uji huingia mapafuni. Mtoto hupaliwa, na baada ya miezi huugua kifua mara kwa mara na watu wasijue sababu. Mlishe akiwa amekaa, kidevu kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo, uji mzito kuliko wa kunywa, na kijiko cha pili kisije mpaka amemeza cha kwanza. Dagaa wapondwe sana, na samaki kama mgebuka atolewe miiba yote. Mawese kidogo hulainisha chakula na kuongeza nguvu. Akimaliza asilazwe upesi, akae walau nusu saa. Usimlishe anapolia au anapocheka. Mambo hayo hulinda uhai. Lakini sikubaliani na wanaodhani kwamba kumpulizisha mtoto mishumaa, kumsugua mashavu na kumnyosha ulimi kutamfanya aseme, maana mpaka sasa haikuthibitika. Kusema hufundishwa kwa kusema. Kwa watoto wakubwa kidogo ambao wana maneno lakini hawaeleweki, Lindsay Pennington na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walijaribu mafundisho ya mara 3 kwa juma kwa muda wa majuma 6: kuvuta pumzi, kuanza sauti mwanzoni mwa pumzi hiyo bila kukawia, kusema polepole, maneno machache kwa pumzi moja. Katika majaribio yao ya mwaka 2010 na 2013 watoto wengi walieleweka vizuri zaidi kuliko kwanza, hata na wageni. Ulimi wao haukupona. Walijifunza kuitumia vizuri pumzi waliyo nayo.

Na yule asiyeweza kusema hata kidogo? Huyo apewe ubao wa picha. Jambo hili huwatia wazazi hofu. Husema kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo ni ya haki, na imechunguzwa. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walikusanya taarifa za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kutumia ishara au picha. Katika watu 27 ambao habari zao zilipimwa kwa uangalifu, hakuonekana hata mmoja aliyepunguza maneno ya mdomo, na wengi waliyaongeza, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Wala kazi hii si ya ng'ambo tu. Mwaka 1997 Shirika la Afya la Dunia, UNICEF na Wizara ya Afya ya Zimbabwe walitoa kitabu cha mafunzo kwa wanaowasaidia watoto wenye shida ya mawasiliano, kilichoandikwa kwa kuangalia hali ya vijiji vya Afrika. Na huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwatembelea wazazi nyumbani kwao, wakawafundisha kutumia vitu, ishara na picha pamoja na watoto wao; katika taarifa yao ya mwaka 2014 walieleza kwamba wazazi waliona mabadiliko katika baadhi ya mambo. Hawakudai kwamba watoto wote walisema. Napenda taarifa za namna hiyo kuliko zile zinazoahidi miujiza.

Habari ya Christy Brown wa Dublin, Ireland, wengine mwaijua. Alizaliwa mwaka 1932 katika nyumba ya mwashi yenye watoto wengi, ana mtindio wa ile namna ya kujipindapinda. Waganga walimwambia mama yake kwamba mtoto hana akili, mama akakataa, akaendelea kumkalisha pamoja na wengine jikoni na kumweleza mambo. Siku moja, akiwa na miaka 5, alinyakua chaki ya dada yake kwa vidole vya mguu wa kushoto, kiungo pekee kilichomtii. Mama akachora herufi A sakafuni, naye akaiiga. Mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya maisha yake. Kusema alijifunza baadaye, kwa shida, na waliomzoea walimwelewa. Sisemi kila mtoto atakuwa mwandishi. Nawaomba mwangalie jinsi chaki ile ilivyofika miguuni pake: dada yake alikuwa akifanya hesabu palepale alipokaa yeye.

Swali moja huulizwa sana katika mkoa huu wenye lugha nyingi: tumsemeshe Kiswahili au Kiha? Wengine huulizia Kibembe. Wako walioshauriwa waache lugha ya nyumbani ili wasimchanganye mtoto. Ushauri huo hauna msingi. Lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye mtindio zaidi ya zinavyomdhuru mwingine, yaani hazimdhuru. Mama na aseme lugha anayoweza kutania, kuimba na kugombeza kwayo, kwa kuwa katika lugha hiyo atasema mengi.

Wataalamu wa matamshi ni wachache sana katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Kwetu Tanzania, mzazi akiambiwa ampeleke mtoto Dar es Salaam, katika Muhimbili au CCBRT, hiyo ni safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1200, na si ya mara moja. Basi mahali pa kuanzia ni kliniki iliyo karibu, kisha Hospitali ya Maweni, ambayo ndiyo ya rufaa kwa mkoa wetu. Mzazi asiseme tu "mtoto haongei." Aeleze uzazi ulikuwaje, kama mtoto alilia mara moja, kama alikuwa na umanjano au degedege, anamezaje, na anageuka upande gani akisikia sauti. Aombe masikio na macho yapimwe. Mambo mengine, kukaa, kungoja, kuchagua na picha, yote hufanyika nyumbani.

Kwa wanafunzi watakaopenda kutengeneza ubao wa picha wakati wa likizo, haya ndiyo maelezo. Chukueni kipande cha boksi gumu kinachoenea juu ya meza ya mtoto. Anzeni na picha 4 tu, kubwa, zilizochorwa kwa mistari minene au kukatwa katika kalenda na pakiti za vitu anavyovijua, kisha mzifunike kwa nailoni ili udenda usiziharibu. Chini ya kila picha andikeni neno lake kwa herufi kubwa. Kwa njia hiyo wengine hujifunza kusoma. Msiweke chakula na choo peke yake, kama wafanyavyo wengi, maana hayo hata asipouliza tutampa. Wekeni "tena," "sitaki," "naumwa," "njoo," na majina ya ndugu zake, na nafasi moja iachwe kwa jambo la kuchekesha analolipenda. Wakati mnaposema naye, ninyi pia gusane na picha hizo, ili aone zinavyotumika. Akizimudu 4, fanyeni 8. Na ubao huo ukae mezani pake tangu asubuhi mpaka alalapo, usitundikwe ukutani ukingoja wageni.